Fundi bila cheti

Swali: Nina miaka 23, nipo Bura, Fafi. Nilijifunza kuchomelea kwa mjomba, lakini kila kazi wanadai cheti. Nifanyeje?

Jibu: Kijana wangu, ujuzi unao, umekosa karatasi tu. NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani nchini Kenya, hutahini hata mafundi waliojifunzia kazini, kuanzia daraja la 3 kupanda hadi la 1. Unapewa mchoro na vyuma. Unapima, unakata, unachomelea, kisha mtahini anakagua mshono. Fanya mazoezi ya kusoma vipimo, maana aliyezoea kukadiria kwa macho hukwama hapo.

Halafu ungana na wenzako msajili kampuni. Asilimia 30 ya zabuni za serikali zimetengewa vijana, wanawake na walemavu kupitia AGPO, mpango wa serikali wa kuwapa makundi hayo nafasi ya zabuni. Usajili wa AGPO ni bure. Anayekudai pesa mkatalie.