Kutoka Kimbiji Kwenda Kuishi Kwenye Meli ya Hospitali

Mtu wa Kimbiji, huku pwani ya Dar es Salaam, hahitaji kufundishwa bahari, kwa hiyo mawimbi tuyaache. Meli za hospitali za shirika la Mercy Ships zikishafika kwenye nchi hufungwa gatini kwa miezi kama kumi, na haziondoki mpaka msimu wa kazi uishe. Anayepanda kujitolea akidhani atazunguka dunia atajikuta anaangalia makontena yaleyale kila asubuhi. Kwa kweli unahamia mji wa watu mamia kadhaa wa mataifa mbalimbali, na mji huo umefungwa kwa kamba kwenye mji mwingine wa ugenini. Kati ya hiyo miwili, ule wa chuma ndio mgumu kuuzoea.

Meli ziko mbili. Africa Mercy, iliyoanza kazi hii mwaka 2007, zamani ilikuwa kivuko cha kuvushia treni huko Denmark. Sisi tuliozeekea foleni ya feri ya Magogoni tunaweza kuiheshimu kwa hilo tu. Global Mercy ilijengwa China ikakabidhiwa mwaka 2021, ina urefu wa mita 174 na vyumba sita vya upasuaji. Ya kwanza ilirudi Toamasina, Madagaska, mwaka 2024. Ya pili ilianza kuhudumia Freetown, Sierra Leone, mwaka 2023. Ratiba hubadilika, basi hakikisha meli iko wapi kabla hujajaza fomu. Nyumbani watakuuliza kama ni ile ya Wachina iliyowahi kutia nanga Dar es Salaam. Ile, Peace Ark, ni ya jeshi la majini na hukaa bandarini siku chache tu. Hizi za Mercy Ships hukaa na mgonjwa mpaka kidonda kipone: midomo ya sungura, uvimbe wa taya, mtoto wa jicho, miguu ya watoto iliyopinda, makovu ya moto yaliyokaza viungo. Mgonjwa hatozwi kitu.

Anayegharamia ni wewe, na hapa ndipo ndugu wengi hushika kichwa. Anayejitolea halipwi mshahara, na malazi na chakula huenda ukatakiwa kulipia mwenyewe. Juu yake weka nauli, bima, viza na chanjo. Daktari wa upasuaji na anayeosha masufuria wako kwenye utaratibu huohuo. Kaa na familia mapema, weka hesabu ya kipindi chote mezani, na useme wazi kwamba miezi hiyo hutatuma hela. Usipolisema hilo, mwezi wa pili simu zitaanza: mtu yuko ulaya, yuko melini, anakosaje elfu hamsini? Hela ya safari utaitafuta kwa mchango. Michango ya harusi tunajua kuiendesha; mchango huu ni mgumu zaidi kwa sababu mwishoni hakuna pilau. Anzia kanisani, kazini, kwenye kikoba, na kila aliyechangia umpelekee taarifa, hata ya mistari mitatu. Na akitokea mtu anayekuuzia nafasi ya "ajira melini" yenye mshahara mnono kwa jina la shirika hili, huyo ni tapeli. Usimpe hata hela ya soda.

Pasipoti utaishughulikia Uhamiaji, Kurasini. Kutoka Kimbiji pita Kibada, uvuke Daraja la Nyerere. Litakushusha Kurasini bila kugusa feri. Kadi ya homa ya manjano ibebe mkononi pamoja na pasipoti, isikae kwenye begi kubwa. Muuguzi awe na leseni iliyo hai. Anayetaka kazi za staha au injini aanze na mafunzo ya msingi ya usalama pale Chuo cha Bahari, DMI, na nyaraka za ubaharia azifuate Shirika la Uwakala wa Meli, TASAC. Lakini si lazima uwe mganga wala baharia: wanahitajika wapishi, mafundi umeme, walimu wa watoto wa wafanyakazi, watu wa stoo. Kiingereza cha kazi ni lazima. Kisha jambo ambalo naona watu wa pwani hulikwepa: shirika ni la Kikristo, na ibada ni sehemu ya maisha ya meli. Muislamu aulize mapema na kwa uwazi kuhusu nafasi anayoitaka, swala na Ramadhani, asisubiri kugundua akiwa kwenye ngazi ya kupandia.

Ndani, tarajia kabini ya kushirikiana, vitanda vya dabodeka na pazia ambalo ndilo mlango wako. Pazia likifungwa, hodi haipigwi. Kuoga ni dakika mbili: lowa, funga maji, jipake sabuni, fungua, suuza. Aliyelelewa na ndoo na kata hapo hatalalamika. Wanaoteseka ni wa kutoka nchi za mabomba. Kadi yako hupitishwa kwenye mashine ukitoka na ukirudi, ili ijulikane nani yumo ndani. Kengele ya mazoezi ya dharura ikilia, acha chai, chukua jaketi okozi, nenda kwenye kituo chako. Wengi watapita bila kukusalimu, au watasema neno moja wakiwa wanatembea. Usiweke moyoni, ila wewe salimia.

Getini mambo hugeuka. Toamasina watakusemesha Kimalagasi, Freetown watakusemesha Kikrio, kwa kudhani ni wa kwao, na wodini mgonjwa atakutazama wewe kwanza kabla ya wenzako Wazungu. Ni heshima yenye mzigo, kwa hiyo jifunze salamu na maneno ya maumivu wiki ya kwanza. Toamasina kuna wali asubuhi, mchana na jioni, Kifaransa maofisini, na vimbunga hasa Januari hadi Machi. Freetown mvua kubwa ni Julai na Agosti. Beba viatu vya plastiki.

Saa za Toamasina ni zilezile za Kimbiji. Freetown iko nyuma kwa saa tatu: ukitoka zamu saa mbili usiku, nyumbani ni saa tano na watu wameshafunga milango. Pangeni simu ya Jumapili mchana, na wajulishe kwamba ukiwa zamu simu haishikwi.