Fungu la kaka aliyefariki

Swali: Baba alifariki akaacha mama, kaka na sisi mabinti wawili, babu na bibi hawapo. Kabla ya mirathi kugawanywa kaka naye akafariki, akaacha mjane na mtoto wa kiume. Ami anasema fungu lake lirudi kwetu. Kweli?

Jibu: Hapana, binti yangu. Fungu lilikuwa la kaka yako tangu baba alipokata roho. Kuchelewa kugawa hakulifuti. Kwa sheria ya Kiislamu, madeni yakishalipwa, mama hupata thumni ya mali ya baba, kaka 7/16, nanyi 7/32 kila mmoja. Hizo 7/16 ndizo mirathi ya kaka: mjane thumni, mama sudusi, kinachobaki cha mwanawe, ambaye anawazuia nyinyi dada. Ami ana sauti tu, fungu hana. Mwombeni kadhi apige hesabu mbili, si moja.