Bustani ya Lubumbashi, Mwezi kwa Mwezi

Anayelima mboga Lubumbashi aanze kuhesabu mwaka wake Aprili, mvua inapokatika. Nyanya, kabichi na vitunguu viingie kitaluni mwezi huo, vihamishiwe kwenye matuta Mei. Nyanya inayokulia kwenye mvua kubwa hushikwa na ukungu: madoa meusi huanza kwenye majani ya chini na kupanda juu mpaka mche wote ukauke. Ya kiangazi husalimika, mradi una kisima au mto karibu.

Juni na Julai usiku ni baridi, mara nyingine chini ya nyuzi 10. Kabichi, karoti na kabichi ya Kichina huipenda hali hiyo; lengalenga hudumaa, kwa hiyo mbegu yake ingoje Agosti mwishoni. Mwagilia asubuhi na ufunike tuta kwa nyasi kavu. Nyasi hizo wengi huzichoma Septemba, na hiyo ni hasara kubwa: ndizo mboji ya bure.

Oktoba ni mwezi wa udongo, na hapa tunaomba usikilize vizuri. Tangu 1911 tanuru la shaba la kampuni ya Union Minière, baadaye Gécamines, lilitoa moshi ambao upepo wa kusini-mashariki uliusukuma kuelekea kaskazini-magharibi, upande wa Penga Penga. Shaba, risasi, kadmi na arseniki vilivyoanguka huko havijaondoka. Mboga za majani, lengalenga ikiwemo, hubeba madini hayo kuliko mahindi, maharage au nyanya. Kama parseli yako iko upande huo, panda mazao ya matunda na nafaka, na mboga za majani uziweke kwenye matuta ya udongo ulioletwa kutoka mahali safi. Chokaa na samadi iliyooza, vikichanganywa na udongo wiki chache kabla ya kupanda, hupunguza shaba, risasi na kadmi zinazoingia kwenye mmea, lakini havimalizi tatizo. Usimwagilie kwa maji ya kijito kinachopokea maji machafu ya viwanda vya madini. Majani yaoshwe kwa maji safi zaidi ya mara moja, maana vumbi hung'ang'ania.

Mvua za kwanza hudanganya. Mahindi yangoje mpaka udongo ulowe kwa kina cha kiganja, kwa kawaida katikati ya Novemba; karanga na vipande vya muhogo viende pamoja nayo. Kagua moyo wa mhindi kila wiki: unga kama wa mbao ni alama ya kiwavijeshi aliyeingia Afrika 2016. Mponde kwa vidole akiwa bado mdogo.

Januari panda matembele, fungua mifereji. Maharage yapandwe kufikia Februari, yakomae mvua ikiisha.

Kabla ya kununua mbegu Oktoba hii, waulize wazee wa mtaa wako moshi wa tanuru ulikuwa ukianguka upande gani, kisha uchague cha kupanda.