Hifadhidata ni Nini? Somo la Mzazi na Mwanafunzi Kabla ya Kulipa Karo

Tuseme shule moja ya Chebunyo, kaunti ya Bomet, ina akina Chebet watatu. Mzazi wa mmoja wao amelipa karo kwa simu. Shule itajuaje ni Chebet yupi? Hapo ndipo hifadhidata inapoingia. Mwite mwanao msome pamoja.

Maana yake

Hifadhidata ni taarifa zilizopangwa ili kompyuta izipate haraka. Nyingi hupangwa kwa majedwali, wazo lililoletwa na Edgar Codd wa kampuni ya IBM mwaka 1970. Mfano:

Namba | Jina | Gredi | Amelipa
1047 | Chebet | 5 | 2,000
1074 | Chebet | 7 | 0
1102 | Kiprono | 7 | 1,500

Kila mstari ni rekodi ya mwanafunzi mmoja. Majina yanaweza kufanana, lakini namba ya usajili haijirudii. Hiyo ndiyo huitwa ufunguo.

Unapolipa

Namba ya Paybill huonyesha pesa ziende wapi. Namba ya akaunti, ambayo kwa shule nyingi ni ile ya usajili, huonyesha ni za mtoto gani. Ukiandika 1047 badala ya 1074, kompyuta haitajua umekosea. Chebet wa Gredi 5 ataongezewa pesa, na wako atabaki na deni, pengine hata arudishwe nyumbani.

Kwa hivyo:

1. Soma namba kwenye risiti au barua ya shule. Usitegemee kichwa.
2. Andika, kisha mtoto akusomee ulichoandika kabla hujaweka PIN.
3. Usifute meseji ya malipo. Kodi iliyo ndani yake ni ufunguo wa muamala huo, na ndiyo mhasibu wa shule atakayoulizia kukiwa na shida.

Zoezi la mwanafunzi

Chora jedwali la maziwa yanayopelekwa kwa wiki moja: namba ya mkulima, tarehe, lita. Je, namba ya mkulima yatosha kuwa ufunguo?

*Jibu:* Haitoshi. Mkulima huyohuyo hupeleka maziwa kila siku, hivyo namba yake itajirudia. Kila mzigo unahitaji namba yake, kama vile kila malipo ya simu yana kodi yake.

Na kumbuka: PIN haiandikwi kwenye jedwali lolote, hata la zoezi.