Kigimbi kilichochanika usikichue

SWALI: Nina miaka 43, nacheza beki wa kulia timu ya maveterani hapa Temeke. Jumapili nilichomoka kufukuza mpira, nikasikia "pa!" nyuma ya mguu. Niligeuka nimwone aliyenipiga teke, hakukuwa na mtu. Jioni nilichuliwa kwa mafuta ya moto. Sasa kigimbi kimevimba na weusi umeshuka hadi kwenye kifundo. Bonanza ni wiki mbili zijazo. Nitawahi?
Beki, Temeke

JIBU: Pole sana, kaka. Bonanza hilo hutawahi, na ni heri ujue mapema.

Mlio ule, na kudhani umepigwa teke, ni dalili za msuli wa kigimbi kuchanika. Huwapata sana watu wa umri wako wanaoshinda wameketi kazini wiki nzima, kisha wikiendi wanakimbia ghafla. Weusi wa kifundoni ni damu iliyovuja msulini ikateremka, na itafifia yenyewe. Kinachonisikitisha ni kule kuchuliwa. Nyuzi za msuli zilikuwa bado zinavuja, na moto na mikono huzidisha uvujaji. Usirudie.

Leo hii lala kifudifudi, nyayo zining'inie nje ya kitanda, mtu akuminye kigimbi. Unyayo usiposogea, huenda kano ya kisigino imekatika, nenda hospitali bila kuchelewa. Nenda pia uvimbe ukizidi, mguu ukawa wa moto na kuuma hata umepumzika, maana damu inaweza kuwa imeganda ndani ya mshipa. Kifua kikibana au pumzi zikikupaa, usisubiri kukuche.

Kama hakuna hayo, weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 15 hadi 20, mara kadhaa kwa siku. Funga bandeji ya mpira isiyokutia ganzi vidoleni, na ukilala inua mguu juu ya mito.

Mchaniko mdogo hupona ndani ya wiki 1 hadi 3, wa kati wiki 4 hadi 8, mkubwa huchukua miezi. Kwa weusi na uvimbe huo, wako nauona wa kati. Maumivu yakitulia, shika ukuta unyanyue visigino, kwanza kwa miguu yote miwili, baadaye kwa mmoja. Fanya goti likiwa limenyooka, kisha likiwa limekunjwa kidogo, kwa sababu msuli wa ndani hufanya kazi zaidi goti likikunjwa.

Halafu itafika siku utatembea hadi kituo cha daladala bila kuchechemea, ujione umepona. Hapo ndipo wengi huchanika upya. Kutembea si kipimo. Simama kwa mguu ulioumia peke yake, nyanyua kisigino mara 20 bila maumivu, sawasawa na ule mzima, kisha urukeruke juu yake. Ukiweza, anza kukimbia polepole, mbio za kasi zije mwisho. Kwa sasa mwambie kocha atafute namba mbili mwingine.