Dondoo muhimu: Florence na watoto

• Majumba ya makumbusho ya Uffizi na Accademia hufungwa Jumatatu. Kateni tiketi mapema mtandaoni. Walio chini ya miaka 18 huingia bure.

• Msijaribu kumaliza Uffizi yote. Chagueni vyumba vichache, cha mchoraji Botticelli kikiwemo, kisha tokeni mkale. Sanamu ya Daudi pale Accademia, kazi ya Michelangelo yenye urefu wa zaidi ya mita 5, haihitaji maelezo.

• Katika soko la Mercato Centrale onjeni lampredotto: tumbo la nne la ng'ombe, huchemshwa na kutiwa ndani ya mkate. Mzoefu wa supu ya utumbo hatashtuka. Wasiokula nguruwe waulize kwanza, hasa kuhusu mchuzi wa tambi.

• Neno “coperto” kwenye bili si wizi: ni ada ya meza, kwa kila kichwa.