SOMO LA KIKUNDI: TUPUNGUZE SUKARI, TUONGEZE CHAKULA



Ukisimama karibu na duka jioni, katika kijiji chochote, utaona watu wakinunua vitu viwili pamoja: majani na sukari. Hata siku ambayo pesa ya mboga imekosekana, ya sukari itatafutwa. Mtoto atatumwa mbio akapimiwe robo, na kama hakuna pesa ataambiwa aseme iandikwe kwa kitabu. Tukiuliza kwa nini, tunajibiwa, "Sasa, chai bila sukari ni chai gani?"

Somo hili ni la kujibu swali hilo. Hatusemi sukari ni sumu. Hatusemi mtu aamke kesho aimwage yote. Tunasema kwamba sukari imechukua nafasi kubwa kuliko inayostahili, ndani ya mfuko na ndani ya mwili, na kwamba kikundi kikishikana kinaweza kuirudisha mahali pake.

Kiongozi wa somo alete kijiko cha chai, glasi, sukari kidogo, karatasi na kalamu.

1. SUKARI IMETOKA WAPI?

Kwanza waulizeni wazee. Wengi watawaambia kwamba kinywaji cha asubuhi kwa wazazi wao kilikuwa uji wa wimbi au mtama, mara nyingi ule uliochachuka, na maziwa mahali palipo na ng'ombe. Utamu ulitoka kwa asali, viazi vitamu, ndizi zilizoiva na miwa ya kutafuna. Kiwanda cha sukari cha Miwani, karibu na Kisumu, kilianza mwaka 1922. Baada ya Uhuru vikaja vingine kama Muhoroni na Chemelil, na Mumias mwaka 1973. Kwa hiyo desturi ya kutia sukari kila siku tumeikuta njiani. Haikuwa ya babu zetu.

Kiwandani miwa husagwa, maji yake yakachemshwa mpaka yakawa mazito, chembe za sukari zikatengwa na ile molasi nyeusi. Nyuzi nyuzi zote za muwa hubaki nje. Kinachofika dukani ni utamu mtupu. Unapotafuna muwa, meno yanafanya kazi na unachoka kabla hujala mwingi. Lakini vijiko vitatu vya sukari ndani ya kikombe vinameza dakika moja tu, na unaomba kikombe cha pili.

2. TUPIGE HESABU

Kijiko cha chai kilichosawazishwa hubeba karibu gramu 4 za sukari. Kile kijiko cha kulundika kama mlima hubeba zaidi sana. Sisi hapa tutahesabu kile kilichosawazishwa.

Tuchukue nyumba ya watu 6. Kila mtu anakunywa vikombe 2 kwa siku, kila kikombe vijiko 3.

- Vijiko kwa siku: 6 x 2 x 3 = 36
- Gramu kwa siku: 36 x 4 = 144
- Kwa mwezi wa siku 30: gramu 4,320, yaani zaidi ya kilo 4

Nyumba hiyo hiyo ikishuka hadi kijiko 1 kwa kikombe, itatumia gramu 1,440 kwa mwezi. Imeokoa gramu 2,880, karibu kilo 3.

Wekeni bei ya duka lenu. Kwa mfano, ikiwa kilo ni shilingi 150, hizo ni shilingi 432 kwa mwezi na shilingi 5,184 kwa mwaka. Kikundi cha nyumba 20 kitakuwa kimeokoa shilingi 103,680. Tena anayenunua kwa kupimiwa kidogo kidogo mara nyingi hulipa zaidi kwa kila kilo, kwa hiyo yeye anapoteza hata zaidi.

Hapa mweka hazina huacha kuandika na kuinua kichwa! Tunahangaika na michango ya kuku, ya tangi la maji, ya karo, na huku pesa inayeyuka ndani ya vikombe.

3. MWILINI INAFANYA NINI?

Sukari inatia nguvu, hilo ni kweli. Lakini haina kitu kingine. Haina protini ya kujenga mwili, haina vitamini, haina madini ya kuongeza damu. Maharagwe, mayai, omena, wimbi na mboga za kienyeji pia hutia nguvu, kisha hujenga na kulinda.

Shida ya kwanza iko kwa watoto. Mtoto akinywa chai tamu saa nne, njaa inatulia kwa muda. Githeri ikiletwa anaichezea tu. Mama anasema, "Huyu hapendi chakula," kumbe tumbo lake limedanganywa. Kwa watoto walio chini ya miaka miwili, ushauri wa wataalamu ni kwamba wasiongezewe sukari kabisa.

Shida ya pili ni meno. Vijidudu vya mdomoni hula sukari na kutoa asidi inayotoboa meno. Anayekunywa kitu kitamu kidogo kidogo siku nzima anaviandalia karamu isiyokwisha.

Shida ya tatu ni uzito. Sukari inayozidi mahitaji hugeuka mafuta. Uzito ukizidi, hatari ya kisukari kile cha watu wazima inaongezeka. Wengine husema kila mla sukari atapata kisukari. Sivyo. Ugonjwa huo una sababu nyingi, pamoja na ukoo na kukosa mazoezi. Lakini uzito ni mlango mmojawapo tunaoweza kuufunga sisi wenyewe.

Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo: mtu mzima asizidishe kama gramu 50 za sukari kwa siku, yaani vijiko 12, na ingekuwa bora zaidi abaki chini ya gramu 25, yaani kama vijiko 6. Ndani ya hesabu hiyo mna sukari ya chai, soda, asali na maji ya matunda. Tunda zima na maziwa hayahesabiwi. Sasa angalia tena ile nyumba yetu: kila mtu amekunywa vijiko 6 kwa chai peke yake, hata kabla ya kuonja kitu kingine.

4. SUKARI INAYOJIFICHA

Kiongozi atie vijiko 8 vya sukari ndani ya glasi tupu na kuwapitishia wanachama. Hicho ndicho kiasi kilichomo katika chupa nyingi za soda za mililita 300. Aulize, "Nani angekunywa maji yenye vijiko nane?" Watu watacheka. Lakini tunapewa kila harusi na tunamaliza.

Imejificha pia ndani ya biskuti, keki, jamu, mandazi na vile vinywaji vya rangi ambavyo watoto hununua njiani.

Wengine wanauliza, "Je, sukari nguru? Asali? Ile ya rangi ya kahawia?" Mwilini zote hufanya kazi ya sukari. Mtu asiache sukari ya duka akaanza kumimina asali, akadhani ameponyoka. Na mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe asali kamwe, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vya hatari kwake.

5. HATUA ZA KUPUNGUZA

Anayeacha kwa siku moja mara nyingi hurudi kwa siku ya tatu. Ulimi unahitaji muda. Tunashauri miezi miwili:

- Kabla ya kuanza: Toa sukari kwenye sufuria na chupa ya chai. Kila mtu ajitilie kikombeni, kijiko kikisawazishwa kwa kisu. Tayari umepata faida.
- Wiki ya 1 na 2: Kutoka vijiko 3 shuka hadi 2 na nusu.
- Wiki ya 3 na 4: Vijiko 2.
- Wiki ya 5 na 6: Kijiko 1 na nusu.
- Wiki ya 7 na 8: Kijiko 1. Anayeweza kuendelea mpaka sifuri, aendelee.

Ukimaliza, jaribu kuonja ile chai ya zamani. Wengi wataona ni tamu kupita kiasi.

Kusaidia ulimi, chemsha chai na tangawizi, mdalasini, iliki au mchaichai. Usipunguze maziwa ili kuokoa pesa. Maziwa ni chakula. Uji wa watoto utiwe ndizi iliyoiva na kupondwa, au malenge, na kijiko cha njugu zilizosagwa. Mahali pa mkate na jamu, rudisheni nduma, viazi vitamu na mihogo, ambavyo vimo shambani.

6. MGENI ATASEMA NINI?

Hapa ndipo pagumu. Kwetu sukari ni heshima. Ukienda kumwona mzazi unabeba kilo mbili. Kwenye matanga, jirani huleta sukari na majani. Mke akipunguza sukari, mama mkwe anaweza kusema amenyimwa, na mzee wa nyumba aulize pesa imeenda wapi. Mama akisimama peke yake, atashindwa hata kama hesabu yake ni sawa.

Ndiyo maana tunasema hili ni jambo la kikundi. Kwanza waume wahudhurie somo la hesabu na wazishike karatasi wenyewe. Pili, mgeni asilazimishwe. Wekeni bakuli la sukari mezani na kijiko kidogo, ajipimie. Heshima haiko kwa sukari iliyotiwa bila kuulizwa. Tatu, tukimtembelea mzazi, tubebe mayai, maharagwe, unga wa wimbi au matunda. Kikundi kizima kikianza, baada ya muda hakuna atakayeitwa mchoyo.

Nao wanachama wanaolima miwa wanauliza, "Mnataka tufe njaa?" La. Miaka mingi Kenya imelazimika kununua sukari nje kwa sababu inayotengenezwa nchini haitoshi. Kijiko kimoja tulichopunguza hakitamkosesha mkulima soko.

7. TAHADHARI

- Mgonjwa wa kisukari anayetumia dawa au sindano aongee na daktari au mhudumu wa afya kabla ya kubadilisha chakula. Akianza kutetemeka, kutoa jasho na kuchanganyikiwa, sukari ya damu huenda imeshuka. Ikiwa yuko macho na anaweza kumeza, apewe haraka maji yenye vijiko 3 au 4 vya sukari, kisha apelekwe hospitali. Aliyezimia asimiminiwe kitu mdomoni. Apelekwe mara moja.
- Mtoto akihara, tumia pakiti ya dawa ya kuongeza maji kutoka zahanati. Ikikosekana, changanya lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vimesawazishwa. Mpe kidogo kidogo huku mkienda zahanati.

Kwa hiyo kila nyumba ibaki na sukari kidogo. Sukari ina kazi yake.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Nyumbani kwetu sukari kilo moja inakaa siku ngapi? Nani huamua itiwe kiasi gani?
2. Ni mara ngapi wiki hii tulinunua sukari na tukakosa mboga?
3. Nani nyumbani atapinga mabadiliko haya, na tutaongea naye vipi?
4. Chai ya mikutano yetu itakuwa namna gani kuanzia leo?

KAZI KABLA YA MKUTANO UJAO

Kila mwanachama aandike kwa wiki moja sukari yote iliyonunuliwa nyumbani na bei yake. Mkutano ujao mwandishi atajumlisha ya kikundi chote. Kisha amueni pamoja pesa itakayookolewa itaingia wapi, na mweka hazina aifungulie ukurasa wake kwa kitabu. Pesa isiyopangiwa kazi itarudi dukani kununua sukari ile ile.